Spoki Thelathini na Sita za Mke Wangu

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu ameondoka asubuhi kwenda kwenye mafunzo ya wakunga, mji wa pili. Atarudi Jumamosi. Ameniachia maagizo matatu: nimwagilie miche ya maua, nisimalize mayai, nisiiguse baiskeli yake. Kufikia saa nne miche ilikuwa imeshiba maji.

Saa kumi jioni nimeigusa baiskeli.

Najitetea hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayenisikiliza. Jirani yetu ni tarishi mstaafu, umri miaka sitini na minane, na kila jioni hunipita njiani na libaiskeli lake jeusi lenye uzito wa kabati. Akinipita hupiga kengele mara mbili. Mara moja ingetosha. Baiskeli yangu ni ndogo, magurudumu ya inchi ishirini na sita, nikikanyaga pedali magoti yanasalimiana na masikio. Ya mke wangu ni ya inchi ishirini na nane. Nilipiga hesabu. Nikamsubiri Mstaafu kwenye kona ya kinu cha kusaga.

Niliongoza. Kwa sekunde kama kumi na moja hivi niliongoza vizuri sana. Kisha nikageuka nyuma nione sura yake, na ukingo wa mtaro ukanipokea.

Mimi nimechubuka kiwiko tu. Gurudumu la mbele ndilo la kuonewa huruma. Limejikunja kama ngozi ya kiatu iliyosahauliwa juani. Mstaafu aliteremka, akaninyanyua, akalitazama gurudumu kwa muda mrefu, akasema pole jirani, akaenda zake. Hakupiga kengele. Hilo ndilo lililonitisha.

Baiskeli hii si ya matembezi. Ng'ambo ya kijito njia ni ya mguu, gari halipiti, na huko yuko mke wa mfinyanzi mwenye mimba ya kwanza. Siku zake zinahesabika kuanzia juma lijalo. Mke wangu huenda kwa baiskeli, mkoba mgongoni.

Mtu mwingine angelipeleka gurudumu kwa fundi. Lakini fundi wa magurudumu hapa ni mmoja tu, naye ni dada yake mke wangu. Shemeji. Hao wawili huongea kila siku, na wakiongea huniongelea mimi.

Kwa hiyo nitalinyoosha mwenyewe kabla ya Jumamosi. Mwaka wa kumi na tisa huu natengeneza mihuri. Nachonga herufi ndogo kuliko punje ya mchele, tena kinyumenyume. Gurudumu ni duara tu.


Jumanne, 5 Machi

Nililiweka sakafuni nikapanda juu. Nikarukaruka. Likanirusha. Goti la kulia sasa linalingana na kiwiko.

Mbinu ya pili ilikuwa ya akili zaidi. Mchana nilifunga kibanda cha mihuri nikaenda karakana kwa shemeji, mikono mitupu, nikiwa na habari ya rafiki yangu aliyepindisha gurudumu. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kigoda, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, magurudumu yamemning'inia juu ya kichwa. Akauliza rafiki gani. Nikasema mteja wangu wa mihuri. Akauliza muhuri wa nini. Nikasema wa chama cha wafuga nyuki. Akasema wafuga nyuki wote ni wateja wake na hakuna aliyepata ajali. Nikaangalia dari.

Hakuendelea kunihoji. Alisema kama rafiki yangu anataka kujua, basi nitazame kwa niaba yake.

Sasa nitaandika nilichokiona, na ninajua sitakiandika sawasawa.

Ana uma wa baiskeli ya zamani, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, ameufunga mezani, miguu juu. Alipachika humo gurudumu lililopinda, akalizungusha, akasogeza kipande cha chaki polepole hadi kikalamba ringi. Panapopinda pakapata alama nyeupe. Panaponyooka, hapana kitu. Kisha akashika ile nati ndogo inayokaa mwisho wa spoki, akaigeuza robo. Robo tu, kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala. Akazungusha tena. Alama ikafupika. Robo nyingine upande wa pili. Akafanya hivyo kwa muda, bila haraka, na mimi sikuona lini hasa jambo lenyewe lilitokea. Niliona tu kwamba gurudumu limesimama. Nikamwambia limesimama. Akasema tazama vizuri. Lilikuwa likizunguka kwa kasi, ila limenyooka kiasi kwamba jicho halikupata pa kushika. Kilichopita mbele yangu ni ile pua ya kujazia upepo peke yake, mara moja, mara moja, mara moja.

Nilisahau nimeenda kufanya nini.

Halafu akazigusa spoki kwa kucha, moja baada ya nyingine, akiwa amefumba macho. Zililia. Zote za upande mmoja sauti moja. Ilipofika moja yenye sauti ya kuchoka akainua kidole, akaikaza, ikaungana na wenzake. Nikamuuliza vijiti vyembamba hivi vinawezaje kubeba mtu mzima na mzigo. Akasema watu wengi hudhani spoki zinamsukuma mtu juu. Hakuna hata moja inayosukuma. Zote zinavuta, kila moja kwake, na kwa kuwa hakuna inayoshinda, gurudumu linakuwa duara.

Nimeandika hayo mkononi kwa wino wa mihuri. Hayatoki.

Nilipoaga, akaniazima spana ya spoki, kijichuma cha duara chenye mikato pembeni. Kwa ajili ya rafiki yangu, akasema. Wema huu sikuuelewa.


Jumatano, 6 Machi

Kazi ilianza saa nane mchana sebuleni. Baiskeli kichwa chini miguu juu, kwenye mkeka. Sikuwa na chaki. Nikatafuta kitu kinachoacha alama nikapata rangi ya mdomo ya mke wangu. Inaacha alama nzuri sana. Baada ya mizunguko mitatu ringi nzima ilikuwa nyekundu, maana gurudumu lilikuwa limepinda kila mahali.

Shemeji alifundisha hivi: ringi ikielemea kulia, kaza spoki za kushoto, legeza za kulia. Rahisi. Lakini baiskeli ilikuwa kichwa chini, kwa hiyo mambo yote yamegeuka. Mtu wa kawaida angechanganyikiwa. Mimi ni mtu wa mihuri, kusoma kinyume ndiyo kazi yangu, nikageuza. Kisha nikakumbuka kwamba ninatazama nati kutoka katikati ya gurudumu, si kutoka nje. Nikageuza tena. Nikakaza kwa saa moja na nusu kwa bidii kubwa. Na robo niliona ni woga. Nilikwenda mzunguko mzima mzima.

Gurudumu likaanza kutoa sauti. Mlio mwembamba, kama nzi ndani ya chupa. Niliinamia nisikilize. Hilo sitalifanya tena.

Spoki ilikatika kwa kishindo cha bunduki. Kipande kimoja kilinikosakosa sikio kikaenda kujichoma kwenye ubao wa dari. Kipo huko hadi sasa, kinatikisika mlango ukifungwa.

Nilikaa chini. Na hapo nikaona jambo ambalo halijaniondoka. Spoki moja imetoka kati ya thelathini na sita, na gurudumu lote lilijua. Ringi ilisogea yenyewe mbele ya macho yangu, upande huu na hata ule wa mbali kabisa, kama familia inayosogeleana kwenye benchi, mmoja anapoinuka. Zilizobaki zilibadilisha sauti zote. Nilizigusa moja moja kuhakikisha. Niliogopa, na si kwa ajili ya mke wangu. Niliogopa kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila kupiga hodi.

Hodi ikapigwa kweli. Mstaafu. Alisikia mlio akataka kujua kama niko salama. Nikamwambia natengeneza redio. Akatazama vidole vyangu vyekundu, akatazama mlango nilioubana kwa mguu, akasema redio za siku hizi zina mambo.

Huyu atanisema. Naona kabisa.


Alhamisi, 7 Machi

Nimelala nikiota miduara. Asubuhi nikaamka na mbinu safi: gurudumu la baiskeli yangu liende kwenye baiskeli ya mke wangu. Gurudumu ni gurudumu.

Liliingia. Nati zikakaza. Nilifurahi hadi niliposhika breki. Vipande vya breki vilifunga hewa, juu kabisa ya ringi, havigusi kitu. Na baiskeli nzima imeinama mbele kama mbuzi anayekunywa maji. Mkunga hawezi kuteremka kwenye kijito na kitu kama hicho. Hata mimi nimeliona hilo. Nikarudisha.

Mchana nilimfuata Mstaafu kwake. Nilitaka kumziba mdomo kabla hajaufungua. Nilimweleza kwa kuzunguka sana kwamba majirani wema hawasemi wanayoyaona mitaroni. Alikuwa anapaka mnyororo mafuta kwa unyoya. Hakuinua kichwa. Alisema amebeba barua za watu miaka thelathini na mmoja na hajafungua hata moja.

Niliona aibu kwa karibu nusu saa.

Saa kumi na moja mke wangu alipiga simu. Harudi Jumamosi. Anarudi kesho saa sita mchana. Mfinyanzi amempigia: mkewe ameanza kupata uchungu, unakuja na kupotea, juma moja kabla ya siku tuliyoitarajia. Ameomba ruhusa kwa walimu wa mafunzo. Akaniuliza kama baiskeli ina upepo.

Nikamjibu kwamba upepo si tatizo.

Ni kweli tupu. Sijapata kusema ukweli wenye uongo mwingi namna hii.


Ijumaa, 8 Machi

Saa mbili asubuhi nililifunga gurudumu ndani ya shuka, nikalibeba kifuani. Njiani kila mtu alinipa pole. Walidhani ni mgonjwa, na hawakukosea sana.

Shemeji hakungoja nifungue. Alinyoosha mikono akasema lete. Nikauliza kama Mstaafu amemwambia. Akauliza Mstaafu gani. Alijua tangu Jumanne, akasema: mtu mwenye kiwiko kilichochubuka anakuja kuuliza habari za gurudumu la rafiki, na dada yake hayupo kuilinda baiskeli yake. Alikuwa ananisubiri nilete.

Akafunua shuka. Aliona rangi nyekundu. Aliona tundu la spoki iliyokatika. Akapitisha kidole gumba kuzunguka ringi nzima, taratibu, na sura yake ikabadilika.

"Hili nililisuka mimi," akasema. "Mwaka aliofaulu ukunga. Spoki zote nilizitia mimi, moja moja."

Nilisubiri matusi. Mwisho akasema ringi haijavunjika mahali, inaweza kurudi. Akapachika spoki mpya, akalegeza zote hadi zikawa zinacheza, akakandamiza ringi kwa goti hapa na pale kama anayekanda mgongo wa mtu. Halafu akanyanyuka kwenye kigoda.

"Kaa, shemeji."

Nikamwambia mkewe mfinyanzi yuko kwenye uchungu, dadake anafika saa sita, huu si wakati wa masomo. Akajibu kwamba yeye akilinyoosha leo, Jumatatu mimi nitalipindisha tena. "Nyoosha wewe. Mimi nipo."

Nikakaa. Akanieleza upya. Jifanye umesimama nje ya ringi unatazama katikati, geuza kulia, inakaza. Nikaanza kumweleza habari ya kugeuza kwa sababu ya kinyume. Akanikata.

"Hapa hakuna muhuri. Soma kama ilivyo."

Kumbe juzi nilikuwa nalegeza za kukaza na kukaza za kulegeza. Sikumwambia. Alijua.

Kuanzia saa mbili na nusu hadi saa sita sikuinua kichwa. Kila nilipozidisha alinivuta shati. Robo. Nimesema robo. Kwanza lilikuwa linayumba kwa upana wa kidole, kisha kwa upana wa kalamu. Kisha pakatokea kilima, mahali ringi inaruka juu, nikakata tamaa, naye akasema kilima hushushwa kwa kukaza pande zote mbili kwa pamoja. Nikakaza. Kikashuka. Nilikiona kikishuka. Chuma kile kigumu, kilichonirusha sakafuni Jumanne, kilinitii kwa robo ya nati. Nikaanza kutembea na chaki badala ya kupigana nayo. Nikaanza kusikia. Nilipogusa spoki nilijua kabla ya jicho ni ipi imechoka. Jasho lilinitoka.

Saa sita na dakika chache kivuli kikaingia mlangoni. Mke wangu, mkoba mgongoni, akiburuta baiskeli yenye gurudumu moja. Alikuwa amepita nyumbani, ameona mkeka, ameona dari.

Alitazama gurudumu. Alinitazama.

"Bado nyingi?" akamwuliza dada yake.

"Tatu."

"Nani anakaza?"

"Yeye."

Nilitegemea aseme dada, kaza wewe. Midomo yake ilijiandaa kusema hivyo. Simu yake ikalia, mfinyanzi, akampa maelekezo kwa sauti ileile anayoitumia kuniomba chumvi: alale ubavu, asisukume bado, niko njiani. Akakata. Akauweka mkoba chini, akasimama nyuma yangu. Nilisikia anavyopumua. Ndivyo anavyopumua akiwa na mama anayejifungua, ameniambia zamani, ili mama amfuate. Nikamfuata.

Spoki ya kwanza, robo. Ya pili, nusu ya robo, nikarudisha kidogo. Ya tatu niliigusa kwa kucha ikalia chini ya wenzake, nikaikaza, ikapanda, ikapanda, ikafika. Shemeji akalizungusha kwa kidole kimoja.

Lilisimama. Chaki haikugusa popote. Lilipita lile tundu la pua ya upepo tu, mara moja, mara moja, mara moja.

Sisi watatu tuliangalia, na kwa muda ule hakuna aliyekuwa na kosa.

Tairi, upepo, nati mbili za ekseli. Akapanda. Nilitoka hadi barabarani nikamwangalia akienda. Gurudumu la mbele halikuonekana kuzunguka. Ilikuwa kama amelishika palepale na barabara ndiyo inayopita chini yake. Alipokata kona ya kijito shemeji akasema si vibaya. Kwake hayo ni maneno mengi.


Jumamosi, 9 Machi

Amerudi saa tatu asubuhi, macho mekundu, magoti na tope la kijito. Mtoto wa kike. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni mara mbili. Alisema alifika, akanawa mikono, na mtoto akaanza kutoka na rangi ambayo hapendi kuiona. Akakitoa kitovu kwa vidole. Mtoto akakaa kimya kidogo, kisha akalia.

"Kama ningekwenda kwa miguu," akasema, na sentensi hiyo hakuimaliza.

Nilikaa kwenye kiti nikaangalia vidole vyangu. Huko ng'ambo kuna mtu mpya kabisa, ana siku moja, na kati yake na hewa ya kwanza kulikuwa na spoki tatu nilizozikaza mimi. Na kati yake na hatari kulikuwa na mimi pia. Yote mawili ni kweli. Sikupata pa kuyaweka. Nilikwenda kumwagilia miche mara ya pili.

Mke wangu alilala hadi saa tisa. Alipoamka hakugomba. Alinikalisha chini akanipa sheria kwa utulivu. Baiskeli nisiiguse. Rangi ya mdomo nisiiguse. Mambo ya shindano na wazee waliostaafu yamekwisha. Nikakubali kila moja. Nilikubali kwa moyo wote, na ninaandika hapa ili iwe ushahidi: nimekoma. Kuna kazi za watu, zina elimu yake, na mtu mwenye akili huwaachia wenyewe.


Jumapili, 10 Machi

Amekwenda na dada yake kumwona mama na mtoto. Nyumba imetulia.

Jana alipokuwa anapanga mkoba alilalamika kidogo juu ya mizani yake ya kupimia watoto, ile ya kuning'iniza yenye uso wa duara kama saa. Mshale unakwama karibu na kilo tatu. Alisema Jumatatu ataipeleka kwa fundi wa vipimo, kule hospitali kubwa.

Nimefikiri sana juu ya hili tangu alipotoka. Katika sheria zake hakutaja mizani. Na fundi wa vipimo hana undugu na mtu yeyote hapa.

Mikono hii sasa si ile ya juma lililopita. Inajua robo. Inasikia chuma kilichochoka. Mizani nimeining'iniza dirishani nikaivuta taratibu, na kweli kwenye kilo tatu kuna kitu kinasita, kitu kidogo sana, mtu asiye na sikio asingekigundua. Ni springi moja tu ndani, nimechungulia. Moja. Juzi nilikuwa na spoki thelathini na sita.

Nimefungua skrubu nne za nyuma. Ya tano imeruka, iko chini ya kabati au imeingia kwenye miche. Springi nayo imejinyoosha, imekuwa ndefu kuliko nilivyotarajia, na inapendeza sana ikipigwa na mwanga.

Watarudi saa kumi. Sasa hivi ni saa nane. Muda upo wa kutosha.